Kisa cha Mzima: maji yatoka Tsavo, kiu iko Mombasa, na Mtaita yuko katikati

Nimekulia Kisauni, Mombasa, na kwetu maji ni kitu cha kusikilizia usiku. Mamangu alikuwa akilala na sikio moja jikoni, mfereji ukianza tu kukohoa ile hewa yake ya saa nane za usiku basi nyumba nzima inaamshwa, leteni ndoo, leteni pipa, mpaka zile sufuria kubwa za harusi zinashushwa juu ya kabati zijazwe, manake hujui yatakuja lini tena. Asubuhi majirani wakikutana mlangoni habari ni hiyo hiyo, "Mzima imefunguliwa", au "Mzima imepasuka huko bara, tusubiri." Mzima ni chemchemi iliyoko Tsavo, ndo inayotuletea maji Mombasa kwa bomba, na hilo jina nimelisikia tangu utotoni vile unavosikia jina la jamaa wa mbali ambaye ndo anawalisha nyumba nzima na hakuna aliyewahi kumuona uso.

Mimi nimeenda kumuona mwaka juzi. Binamu yangu ameoa Voi, na siku moja akaniambia twende nikuonyeshe maji yenu yanakotoka, tukaamka alfajiri tukaingia Tsavo West kwa geti la Mtito Andei. Kutoka pale mpaka Mzima ni kama kilomita 48 za vumbi jekundu. Ulikuwa mwezi wa tisa, majani yamekauka rangi ya gunia, mibuyu imesimama mitupu, na kila ukikaribia unaona mawe meusi yamemwagika ardhini kama lami iliyoganda, hakuna dalili hata moja kwamba karibu na hapo kuna maji. Nikawa najiuliza kimoyomoyo kama huyu binamu yangu hajapotea njia. Halafu mbele ukatokea ukanda wa kijani, kijani kile cha Tana au cha Shimba Hills, mikuyu mikubwa na mikindu, ile ile mikindu tunayosukia mikeka, na miwale yenye makuti marefu yanagusa maji.

Pale hushuki garini ukazurura tu. Unapewa renja mwenye bunduki, manake viboko wapo na mamba wapo, na unatembea naye kwa miguu kwenye kinjia kinachozunguka madimbwi. Jambo la kwanza lililonishika ni jinsi maji yalivo meupe, meupe ya kuona kila kokoto chini na kivuli cha kila samaki juu ya kokoto. Kuna chumba kidogo kimezamishwa majini, unashuka ngazi unaingia chini ya dimbwi lenyewe na kuna madirisha ya vioo. Nimekaa mle kama nusu saa peke yangu. Mwanga unaingia wa kijani, umekatika vipande vipande, na samaki kama mia hivi wamesimama mbele ya kioo wote wameelekea upande mmoja, wanapiga mikia kidogo tu, kiasi cha kutochukuliwa na mkondo. Mara kinapita kipande cha mavi ya kiboko kinaelea, na safu yote inavunjika, wanakirukia, wanakichambua, kinaisha, wanarudi kwenye mstari. Hicho kipande nitakirudia baadaye, manake ndo kiini cha kisa kizima.

Sasa tuingie kwenye mambo yenyewe. Watu wengi hudhani Mzima ni maji ya Kilimanjaro, kwa sababu mlima unaonekana pale karibu. Lakini mtu wa kwanza wa kushukuru ni Chyulu, ile safu ya vilima vya volkano iliyoko kaskazini ya chemchemi, kama kilomita 50 hivi. Chyulu ni milima michanga sana kwa umri wa milima, imelipuka mpaka karne ya 19, na upande wa geti la Chyulu kuna ule mtiririko wa lava, yaani mawe yaliyotoka ardhini yameyeyuka kwa moto yakaganda, unaoitwa Shetani, umetiririka kilomita kama 8, watu walioona moto ukitoka ardhini walisema ni shetani mwenyewe ametoka na jina likabaki. Kilele cha Chyulu kinapita mita 2,100, na huko juu kuna msitu wa ukungu, ile miti yenye ndevu za ukoga inayokamata umande hata siku ambayo mvua haijanyesha. Lakini nenda kwenye vilima hivo utafute mto, hupati. Hata kijito cha kudumu hakuna. Udongo ni majivu ya volkano na mawe yenye vitundu vitundu kama sifongo, mvua ikigusa tu inazama. Ndo maana wafugaji na wakulima wanaoishi miguuni mwa Chyulu wanahangaika na maji wakati mlima umelowa mbele ya macho yao.

Maji yakizama yanaanza safari ya taratibu chini ya ardhi, yanapenya kwenye lava, yanachujika, mpaka yafike mahali ambapo mwamba unayakatalia kushuka zaidi na yanalazimika kutokeza. Baadhi yanatokea upande wa Kibwezi, kule Umani, lakini wingi mkubwa unatokea Mzima. Wataalamu wanakadiria safari hiyo huchukua kama miaka 25. Fikiria hapo kidogo. Maji niliyoyaona mimi pale kwenye kioo ni mvua iliyonyesha karibu na enzi za El Niño ile ya 1997, ile iliyobomoa madaraja na kufunga barabara ya Mombasa. Tulikuwa tunailaani wakati ule, na leo ndo tunaioga.

Na yakitokea hayatokei kwa kudondoka. Ni zaidi ya lita milioni 200 kila siku, kiangazi na masika, hayatofautiani sana. Yanajaza madimbwi mawili makubwa yaliyounganishwa na maporomoko madogo, halafu baada ya kama kilomita 2 yanakutana na ukuta mwingine wa lava, yanazama tena, yanatokea mbele na kuingia mto Tsavo. Mto Tsavo unakwenda kukutana na Athi, hapo jina linabadilika unaitwa Galana, ukikaribia bahari unaitwa Sabaki, unamwagika kaskazini kidogo ya Malindi. Shika njia hiyo vizuri kichwani, tutaihitaji.

Bomba lilikuja miaka ya 1950. Mombasa ilikuwa inakua haraka, bandari, reli, viwanda, na vyanzo vya karibu havikutosha. Wahandisi wakaangalia ramani wakaona hazina iko Tsavo, hifadhi ambayo ilikuwa imetangazwa 1948 tu, yaani haijamaliza hata miaka kumi. Mwaka 1957 bomba likamalizika, karibu kilomita 220 kutoka Mzima, linafuata njia ya reli na barabara kuu, Manyani, Voi, Maungu, Mackinnon Road, mpaka matangi ya Mazeras na kushuka mjini. Na uzuri wake mkubwa ni huu, linashuka kwa mteremko. Chemchemi iko juu, Mombasa iko baharini, maji yanajiendea yenyewe. Kwenye visima vya Baricho kule Sabaki maji yanasukumwa kwa pampu, stima ikikatika au bili isipolipwa pampu zinanyamaza na Malindi na Kilifi na sehemu za Mombasa zinakauka siku hiyo hiyo. Mzima haijui bili ya stima.

Lakini uamuzi ambao mimi nauona ndo bora kuliko yote katika kisa hiki ni wa pale mwanzo kabisa wa bomba. Hawakutia mdomo wa bomba kwenye dimbwi. Wangeweza, ingekuwa rahisi, maji yapo yanameremeta unachota tu. Badala yake wakachimba kwenye lava juu ya madimbwi wakayashika maji yangali chini ya ardhi, kabla hayajaona jua. Kwa hivo Mombasa ikapata maji ambayo kiboko hajayaingia, na kiboko akabaki na dimbwi lake halijaguswa. Ukitembea pale Mzima huoni kituo cha maji cha kutisha wala hutasikia mashine inanguruma, unaona msitu tu. Uwezo wa bomba ni kama lita milioni 35 kwa siku. Piga hesabu, katika milioni 200 na zaidi, Mombasa inachukua kama sehemu moja katika sita na iliyobaki inaenda zake mtoni. Kwa zaidi ya miaka 60 mpango huo umesimama. Sijui ni miradi mingapi nchini mwetu tunaweza kusema imeishi miaka 60 na chanzo chake bado kinang'aa vile.

Basi kama mambo ni mazuri hivo kisa kiko wapi?

Kisa kiko Maungu, kwenye kioski ya maji kando ya barabara kuu. Tukirudi tulisimama pale kununua chai, na kulikuwa na foleni ya mitungi ya manjano, imepangwa kwa kamba, kila mmoja na alama yake, kitambaa chekundu, kifuniko cha buluu, jina kwa rangi. Watu wenyewe hawapo, mitungi ndo imepanga foleni. Nikamuamkia mama mmoja mtu mzima, shikamoo mama, marahaba mwanangu, watoka wapi, nikasema Mombasa. Akatabasamu akasema, "Basi hayo maji yenu, mwanangu, mimi napita juu yake kila siku nikienda kutafuta maji." Hakusema kwa hasira. Mimi nilikosa jibu, nikamsaidia kusogeza mitungi yake miwili, na mpaka leo nikisikia mfereji unakohoa namkumbuka.

Kaunti ya Taita Taveta, ambako ndiko iliko Mzima na ndiko iliko Maungu, kwa sensa ya 2019 ina watu kama laki 3 na 40 elfu. Karibu asilimia 62 ya ardhi ya kaunti iko ndani ya hifadhi za Tsavo. Maana yake Mtaita ameachia zaidi ya nusu ya ardhi kwa wanyama, ndovu wakitoka humo wanakuja kula mahindi yake na kung'oa mabomba wakati wa ukame kutafuta maji, pesa za geti zinaenda serikali kuu, halafu na chemchemi kubwa kuliko zote iliyoko kwake inapita mlangoni kwenda kwa jirani. Voi inapata maji ya Mzima, hilo tuseme kweli, na vituo vichache vya njiani pia. Lakini vijiji vingi vinavopakana na hifadhi havina. Viongozi wa kaunti hiyo wamepiga kelele miaka mingi wakitaka mgao wa maji na mgao wa pesa, na kila mara huku pwani kuna watu wanawajibu kwa dharau ati maji ni ya Mungu. Maji ni ya Mungu sawa, lakini mbona bili hatuletewi na Mungu? Katiba ya 2010 kifungu cha 43 inasema kila mtu ana haki ya maji safi ya kutosha, na kifungu cha 69 kinaitaka serikali ihakikishe faida za maliasili zinagawanywa kwa usawa. Yule mama wa Maungu ametajwa mara mbili kwenye katiba, na bado anafunga kitambaa chekundu kwenye mtungi.

Na Mombasa nayo isionekane kama inaogelea. Tuko zaidi ya milioni 1.2 kwa sensa hiyo hiyo, mahitaji yetu yanapita lita milioni 150 kwa siku, na ukijumlisha Mzima, Baricho, chemchemi ya Marere kule Shimba Hills na visima vya Tiwi bado hayafiki karibu na hapo. Mtaa wetu tumekaa miezi bila tone na bili ya kila mwezi inaletwa bila kukosa, ukienda ofisini kulalamika unaambiwa ulipe kwanza ndo malalamiko yasikizwe. Watu wanaishi kwa mkokoteni na kwa visima vya maji ya chumvi, ya kuosha vyombo na choo tu, chai yake hainyweki. Kwa hivo mtu akija akasema tuongeze bomba la pili Mzima, mtu wa Kisauni atapiga makofi kabla sentensi haijaisha. Mimi mwenyewe ningepiga, zamani.

Bomba la pili ndo linaitwa Mzima II, na limezungumzwa miaka mingi kwenye mipango ya maji ya pwani. Uwezo unaotajwa ni kama lita milioni 105 kwa siku, mara tatu ya lile la kwanza. Hapa sasa turudi kwenye hesabu yetu. Milioni 35 za sasa na milioni 105 za baadaye ni milioni 140. Chemchemi inatoa milioni 200 na kitu. Ukishika ile hesabu ya chini tutakuwa tunachukua zaidi ya nusu ya Mzima. Kutoka sehemu moja katika sita mpaka zaidi ya nusu, hiyo si nyongeza tena, ni chemchemi nyingine kabisa tunayoizungumzia.

Nani atakosa? Wa kwanza ni mto. Mto Tsavo kiangazi unaishi kwa maji ya Mzima, na Galana ndani ya Tsavo East, pale ndovu wanaposhuka kwa mamia kunywa wakati visima na madimbwi ya mvua yote yamekauka, inaishi kwa mto Tsavo. Athi nayo inaleta maji, lakini tunajua Athi imepita wapi, imebeba uchafu wa Nairobi. Yale maji meupe ya Mzima yakiingia pale chini ndo yanauosha mto kidogo. Na sasa kumbuka ile njia nilisema uishike, Galana ndo Sabaki, na kando ya Sabaki ndo kuna visima vya Baricho, vinavolisha Malindi, Kilifi na hiyo hiyo Mombasa. Umeona? Mombasa inakunywa Mzima mara mbili, mara ya kwanza kwa bomba la 1957 na mara ya pili kwa mto kupitia Baricho. Tukichota nusu huku juu, kuna kiasi tunajiibia wenyewe huku chini. Hili jambo nimelitafuta kwenye mazungumzo ya watu kuhusu Mzima II na sijasikia likisemwa kwa sauti hata mara moja, kila mtu anazungumza kama vile maji yasiyoingia bombani yanapotea bure. Hayapotei. Yana kazi.

Wa pili ni kile kipande cha mavi nilichokiona kwenye kioo. Kiboko anatoka majini usiku, anakula majani kama kilo 40, alfajiri anarudi dimbwini na huko ndo anajisaidia. Yaani kila usiku viboko wanavuna nyika na kuimwaga majini. Hicho ndo chakula cha konokono, cha kamba wadogo, cha wadudu na cha wale samaki mia waliopanga mstari, na samaki ndo chakula cha mamba, cha minandi, cha fisi maji. Kuna samaki weusi wanaomfuata kiboko na kumparua ngozi kabisa, wanamsafisha mpaka kwenye nyufa za miguu. Maji ya Mzima yakitoka kwenye lava ni safi mno, hayana cha kula ndani yake, ni kiboko ndo anayatia uhai.

Basi mwaka 2009 ukaja ukame. Maji ya Mzima hayakukauka, yalikuwa yanatoka kama kawaida, ya mvua ya miaka ya 1980 huko. Lakini majani ya nyika yaliisha, na ng'ombe nao walikuwa wameingizwa hifadhini kutafuta malisho kwa sababu wenyewe walikuwa wanakufa. Viboko wakawa wanatoka usiku wanatembea mbali zaidi na zaidi, wanarudi matumbo matupu, wakafa kwa njaa wakiwa wamelala ndani ya maji tele. Wengi sana walikufa. Na walipopungua, samaki nao wakapungukiwa. Mimi siku niliyoenda nimeona viboko wachache, wako ng'ambo ya dimbwi wamekusanyika kivulini, macho na masikio tu juu ya maji, mbele ya kile kioo hawaji kabisa.

Hiyo 2009 imenifunza kitu ambacho nilikuwa sikijui, kwamba Mzima si dimbwi. Unaweza kuwa na dimbwi limejaa na chemchemi imekufa. Chemchemi ni nyika inayoizunguka, na ni Chyulu kilomita 50 huko, na ni vile ng'ombe wa mtu wa Kajiado amelishwa wapi mwaka wa ukame.

Kwa hivo swali la Mzima kwangu mimi linaanzia Chyulu, na naomba mtu wa Mombasa anielewe hapa. Chyulu imekuwa hifadhi ya taifa 1983, lakini vilima hivo viko katikati ya Makueni, Kajiado na Taita Taveta, na vimezungukwa na watu ambao wana shida za kweli. Kuna makaa yanachomwa, kuna miti inakatwa, kuna miraa ya porini inafuatwa msituni, kuna moto unawashwa kila kiangazi majani mapya yaote, na moto huo ukipanda unakula msitu wa ukungu. Msitu ukipungua umande haukamatwi, mvua inapiga majivu yaliyo wazi na udongo unashuka. Na kwa sababu safari ya maji ni ya robo karne, anayechoma leo haoni kitu kimebadilika Mzima. Mtoto anayezaliwa Kisauni leo ndo atafungua mfereji akiwa na miaka 25 akute matokeo. Hakuna mwanasiasa anayekaa madarakani miaka 25. Hii ndo hatari yenyewe, kwamba kosa na adhabu yake havionani.

Kuna kazi nzuri inafanyika. Ule mradi wa kaboni wa Chyulu unaoshika zaidi ya hekta laki 4, ambapo hifadhi, idara ya misitu, ranchi za jamii za Wamasai na mashirika ya uhifadhi wanauza ile kaboni inayobaki kwenye miti kisha pesa zinarudi kwa jamii na kwa maskauti wanaolinda msitu. Nauheshimu. Lakini niambie, kwa nini anayelipa msitu wa Chyulu usimame ni kampuni ya ng'ambo inayonunua kaboni, wakati anayekunywa Chyulu kila siku ni mimi? Mimi bili yangu haina hata senti kumi iliyoandikwa Chyulu. Hoteli za Nyali, bandari, viwanda vya Changamwe, wote wanakunywa mlima ambao hawajui uko upande gani.

Maoni yangu basi, na nayasema nikiwa mtu mwenye kiu. Mzima II kwa ukubwa ule unaotajwa mimi siungi mkono. Nasema hivi na mamangu bado anaamka saa nane. Mwanzo tuzibe mabomba, manake ripoti za mdhibiti wa maji mwaka baada ya mwaka zimeonyesha Mombasa inapoteza karibu nusu ya maji inayopokea, kwa kuvuja, kwa mita mbovu na kwa wizi. Nusu! Tunaenda kumnyang'anya kiboko maji ya kwenda kumwaga Mwembe Tayari. Bwawa la Mwache kule Kwale limepangwa kutoa kama lita milioni 186 kwa siku likikamilika, hilo ndo lisukumwe liishe. Bomba la 1957 limezeeka, libadilishwe, na likibadilishwa ukubwa uongezwe kiasi, sikatai, lakini nyongeza ya kwanza isifike Mazeras. Ishie Maungu, ishie Mackinnon Road, ishie vile vijiji vinavopakana na fensi vinavoamka kila asubuhi kuangalia kama ndovu amebakisha mahindi. Bomba limepita kwao zaidi ya miaka 60, hata kwa adabu ya kawaida ya Kiswahili huwezi kupita na sahani ya pilau mlangoni mwa mtu kila siku usimkaribishe.

Watu wa uhifadhi nao wana neno langu. Kuna wanaotaka Mzima ibaki kama ilivo, isiguswe hata tone, na mimi nawaambia bomba la kwanza ni ushahidi kwamba kugusa kwa akili kunawezekana. Hifadhi haikufa kwa sababu ya bomba lile. Nathubutu kusema imepata mtetezi, manake mji wa watu milioni una sababu ya kutaka Chyulu isimame, ila tu huo mji haujaambiwa. Nenda shule yoyote ya Likoni uliza watoto maji yanatoka wapi, watakwambia kwenye mfereji, au kwenye mkokoteni. Watoto wa Voi wanaijua Mzima, wa kwetu hawajui. Wapelekwe. Treni ya SGR inasimama Mtito Andei, ni asubuhi moja tu, washushwe mle kwenye kioo wawaone wale samaki.

Na kikao cha maoni ya wananchi kuhusu bomba la pili kikiitishwa, kiwe Voi au Mombasa, mimi nitahudhuria, na swali langu nimeshaliandika. Sitauliza chemchemi inatoa lita ngapi, hiyo tunajua. Nitauliza, mwezi wa tisa, mwaka wa ukame kama ule wa 2009, mkishachota zenu zote, zinabaki lita ngapi za kwenda mtoni, na nani ataenda kuzipima, na sisi tutazionea wapi hizo namba.